Shajara ya Maabara: Kuifufua Stoo ya Kemia Kisiwani Lamu

4 Juni

Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo leo asubuhi. Mlango ulitaka watu wawili kuusukuma, bawaba zimeliwa na chumvi. Ndani ni vumbi, kinyesi cha popo, na makasha ya mbao ambayo hakuna anayekumbuka yaliletwa lini. Kazi yangu ni hii: kabla ya Julai kwisha, wanafunzi wa Kidato cha Nne wawe na mahali pa kufanyia mazoezi ya karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo. Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiisoma ubaoni. Mwalimu huchora bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na koki chini, kwa chaki, wao huinakili daftarini, na siku ya mtihani ndiyo siku wanayoishika kwa mara ya kwanza.

Jambo hilo linaniuma. Mtoto anayejua hesabu zote za moli, kipimo cha kemia cha kiasi cha kitu, anapoteza alama kwa sababu alipima kwa bika, lile kopo la kioo, kitu kilichotakiwa kupimwa kwa pipeti, mrija wa kuvutia kiasi kimoja maalumu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba vyombo hivyo viwili havilingani kwa uaminifu. Vyote ni vya kioo, vyote vina mistari, vyote vina namba. Nikifaulu kuwafundisha jambo moja tu katika miezi hii miwili, liwe hilo: kila chombo kina kazi yake, na si kila mstari uliochorwa kwenye kioo ni wa kuaminiwa.

Hesabu ya kwanza: bika 31 za ukubwa mbalimbali, flaski za koni 18, bureti 9 (nne koki zimeganda), pipeti za sentimita za ujazo 25 ziko 7, flaski ya ujazo ya 250 moja tu, testi tyubu kasha zima, faneli, vichomeo vitano, kondensa moja nzima kabisa iliyozungushiwa gazeti. Stendi za chuma 14, zote zimeshika kutu.

5 Juni

Nimetenga vitu viwili ambavyo mwanafunzi hatavigusa. Cha kwanza ni nyavu za zamani zenye duara jeupe katikati. Wavu hukaa juu ya mafiga ya chuma ili moto usambae chini ya bika badala ya kuchoma mahali pamoja. Duara la nyavu za siku hizi ni la kauri, lakini la zile za zamani lilikuwa la asbesto, na nyuzi za asbesto zikiingia mapafuni ni hatari kubwa. Kwa kuzitazama tu siwezi kutofautisha, basi nimezilowesha, nimezifunga mifuko miwili, na kuandika juu yake kwa herufi kubwa. Cha pili ni vipimajoto vitatu vya zebaki. Vile vya spiriti nyekundu vinatutosha.

9 Juni

Katika bika 31, zipi zinaweza kukaa juu ya moto? Maandishi kwenye nyingi yamefutika. Kioo cha kawaida, kile cha dirisha na cha chupa ya soda, hutanuka sana kikipata joto. Upande wa chini ukitanuka kabla ya upande wa juu, kinapasuka. Kioo cha maabara hutiwa boroni, na hutanuka kama theluthi moja tu ya kile cha kawaida. Mjerumani Otto Schott ndiye aliyekivumbua mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1915 Wamarekani walianza kukiuza kwa jina la Pyrex, ambalo wengi wetu tunalijua kutoka jikoni.

Kuna njia ya kuvitambua isiyohitaji maandishi. Nilinunua nusu lita ya mafuta ya alizeti nikayamimina kwenye beseni jeupe, nikawaita vijana wanne wa Kidato cha Tatu waliokuwa wakinisaidia kufagia. Nikachukua kijiti cha kukorogea cha kioo nikakizamisha. Sehemu iliyokuwa ndani ya mafuta haikuonekana tena. Unaona kijiti juu, kisha mafuta matupu, kana kwamba kimekatwa kwa msumeno. Mmoja alisema, “Mwalimu, kimeyeyuka!” Akaingiza vidole kukitafuta na akakishika. Kisha nikazamisha kipande cha chupa ya soda: hicho kilibaki kikionekana wazi, kingo zake zote.

Sababu ni kwamba kioo chenye boroni na mafuta ya alizeti hupindisha mwanga kwa kiasi karibu sawa, takriban 1.47, hivyo mwanga unapita kutoka kimoja hadi kingine bila kujua umevuka mpaka. Kioo cha kawaida ni kama 1.52, na tofauti hiyo inatosha kuonekana kwa jicho. Tumezamisha bika zote, moja moja. 22 zimepotea ndani ya mafuta, 9 zimeonekana. Zile 9 nimezipiga alama ya rangi nyekundu kitakoni: za kuhifadhia na kuchanganyia vitu baridi, moto hapana.

17 Juni

Mzigo kutoka Mombasa umefika. Basi hadi Mokowe, boti hadi gatini, kisha punda wawili kupanda nao vichochoroni. Mwenye punda aliambiwa ni vioo, akatembea taratibu mno, mkono wake mmoja juu ya kasha muda wote. Hakuna hata kimoja kilichovunjika njiani, na nimemshukuru kwa moyo wote.

Tatizo liko dukani. Niliagiza na kulipia bika 12 za kuvumilia moto. Kabla ya kutafuta mafuta nilijaza moja maji nusu, nikaiweka juu ya wavu mpya, nikafungulia moto. Dakika ya tatu hivi ikalia “tak”, kitako kikatoka duara zima kama kifuniko cha kopo, maji yakamwagika na kuuzima moto. Nikazamisha 11 zilizobaki kwenye mafuta: zote zinaonekana. Nimewapigia simu. Wamesema watabadilisha, nauli juu yangu. Sikubali, nitaendelea kuwapigia.

Silinda za kupimia zilizokuja katika mzigo huo ni za plastiki, nazo ni nzuri. Kwa shule ni bora kuliko za kioo, maana silinda ni ndefu, kitako chake chembamba, na mkono wa shati la mwanafunzi huigonga.

20 Juni

Vichomeo. Vitano vya zamani vilikuwa na tundu kubwa la gesi, sisi tunatumia mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo inataka tundu dogo. Moto ulikuwa mrefu, wa manjano, unapaka masizi kila kitu. Nimebadilisha vitundu, sasa vinawaka vizuri.

Kichomeo hiki kina jina la Robert Bunsen, ingawa mkono uliokitengeneza mwaka 1855 pale Heidelberg ulikuwa wa fundi wake, Peter Desaga. Siri yake ni kile kitundu cha hewa kwenye shingo. Ukikifunga, gesi inaungua bila hewa ya kutosha, moto ni wa manjano na unaonekana hata chumba kikiwa na mwanga. Huo ni moto wa kusubiri. Ukikifungua, hewa inachanganyika na gesi kabla ya kuungua, moto unakuwa wa buluu, unavuma, na ni mkali zaidi. Nimewakataza kuondoka mezani wakiwa wameacha moto wa buluu, kwa sababu mchana wa Lamu madirisha yakiwa wazi hauonekani kabisa, na mtu hupitisha mkono juu yake.

24 Juni

Nilimpelekea fundi mbao testi tyubu moja aitumie kupimia. Kazi yake ya kila siku ni kuchonga milango, na mimi nilikuja kumwomba ubao wenye matundu. Nilitaka vishikizi vya matundu 12, safu mbili, kila tundu liwe na upana wa milimita 18 maana testi tyubu yenyewe ni 16. Akaizungusha mkononi muda mrefu.

“Hii chupa mbona haina kitako cha kukalia?”

Nikamweleza kwamba kitako cha duara hakina pembe, joto linaenea sawasawa na uchafu haujifichi, na kwamba kazi yake ni kujaribu mambo madogo: tone la hiki juu ya kidogo cha kile, uone rangi, uone kama kuna mashapo au gesi. Haipimi chochote. Ndiyo maana haina mistari.

“Basi anayeifanya isimame ni mimi,” akasema.

Vishikizi vinane, vimekamilika kwa siku mbili. Kila kimoja kina vijiti sita nyuma vya kuning'inizia tyubu zilizooshwa, midomo chini, zikauke. Hivyo vijiti sikuviagiza, ni akili yake mwenyewe.

28 Juni

Bureti zilizoganda. Mtu fulani, zamani, alimaliza zoezi na hidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alikali, akaiacha ndani. Alikali hula kioo kilichosagwa cha koki polepole, na mabaki yake yakikauka hugeuka kabonati nyeupe inayoshikamanisha koki na kiota chake kama saruji. Ndiyo sababu chupa ya hidroksidi ya sodiamu hufunikwa kwa mpira au plastiki, kamwe si kwa kizibo cha kioo.

Nimezilaza katika maji ya uvuguvugu usiku kucha, nikatia siki kidogo, asubuhi nikazungusha kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Moja ilizunguka. Nikarudisha tatu majini. Leo ni siku ya tatu: mbili zaidi zimefunguka, ya mwisho imekatikia mkononi. Zilizopona nimezipaka vaselini nyembamba kwenye koki, pembeni mwa tundu na si juu yake. Zile ambazo koki ni ya plastiki nyeupe inayoteleza hazina shida hii kabisa, na nikipata fedha tena nitanunua hizo tu.

Stendi 14 zimepigwa msasa na kupakwa rangi. Hewa hii itazirudia, lazima zipakwe kila mwaka.

3 Julai

Siku ya maji. Kisima cha shule kina chumvi, na maji ya mji yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, japo ni matamu kunywa, bado yana madini ndani yake. Fundi wetu wa mbao alikuja kuangalia vishikizi vyake, akanikuta nahangaika. “Mai ni mai, Mwalimu,” akasema. Nikamwonyesha. Testi tyubu mbili, moja ya kisima na nyingine ya mvua iliyotekwa moja kwa moja. Tone moja la nitrati ya fedha katika kila moja. Ya kisima ikageuka nyeupe palepale kama tui jepesi, kwa sababu fedha imekutana na kloridi ya chumvi na kufanya kitu kisichoyeyuka. Ya mvua ikapata ukungu kidogo tu. Hata angani juu ya Lamu kuna chumvi.

Basi tumekeneka, yaani tumechemsha maji na kuupoza mvuke wake uwe maji tena. Kondensa ile iliyofungwa gazeti ndiyo roho ya kazi. Ni mrija ndani ya mrija: mvuke unapita wa ndani, maji baridi yanazunguka wa nje. Inaitwa kwa jina la Justus von Liebig, ambaye hakuivumbua ila aliieneza. Maji ya kupoza lazima yaingie upande wa chini na kutokea juu. Ukikosea, koti la nje halijai, mvuke unakuta kioo cha moto na kutoka nje ukiwa bado mvuke. Bomba letu halina maji ya kuaminika, hivyo tumeweka ndoo juu ya kabati na mpira unaoshuka, na ndoo nyingine chini ya kupokea, mwanafunzi mmoja kazi yake kuzibadilisha. Ndani ya flaski ya kuchemshia tumetia vigae vidogo vya chungu kilichovunjika. Vina vitundu, mapovu yanaanzia humo, maji yanatokota kwa utulivu badala ya kuruka.

Tumepata lita moja na nusu mpaka jioni. Tone la nitrati ya fedha: safi, angavu, kama hakuna kilichotiwa. Waliokuwepo walipiga makofi.

11 Julai

Hili ndilo somo nililolisubiri tangu siku ya kwanza.

Tuliweka mizani ya gramu 0.01 kwenye pembe ya mbali na dirisha. Kusi inavuma kweli wiki hii na namba zilikuwa zikicheza, 0.03, 0.07, 0.02, bila kitu juu. Tukafunga madirisha upande wa bahari na kuizungushia kasha la karatasi. Ikatulia.

Mililita moja ya maji kwa joto la chumba chetu, nyuzi 28, ina uzito wa gramu 0.996. Kwa hiyo mizani inaweza kuhoji kila chombo. Wanafunzi watatu, kila mmoja na bika ileile, wakaambiwa wajaze hadi mstari wa 50 na kumimina kwenye kikombe kilichopimwa. Gramu 47.9. Gramu 51.2. Gramu 48.6. Kisha silinda ya kupimia, mstari wa 50: 49.6, 49.4, 49.9. Kisha pipeti ya 25: 24.89, 24.91, 24.90.

Kimya. Nikawaacha wazitazame namba ubaoni. Msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akizungumza darasani, akasema, “Bika inatudanganya.” Nikamjibu haidanganyi, haikuahidi. Baadhi ya bika zimeandikwa kabisa kwamba mistari yake inaweza kukosea kwa asilimia 5. Ni chombo cha kubebea, kuchanganyia na kupashia moto, na mistari ni ya kukadiria. Silinda ni ya pale unapoambiwa “ongeza kama sentimita za ujazo 20 za asidi”. Pipeti ina mstari mmoja tu shingoni kwa sababu inajua kiasi kimoja tu, na inakijua vizuri. Shingo yake ni nyembamba, hivyo ukikosea kimo kwa unene wa ukucha, maji uliyokosea ni tone tu. Katika bika unene huohuo wa ukucha ni matone mengi.

Nikaongeza mambo mawili ya pipeti ambayo huwa yananikasirisha. Usinyonye kwa mdomo, hata kama kaka yako alifanya hivyo akafaulu: tuna puto za mpira, tutumie. Na lile tone la mwisho linalobaki nchani usilipulize. Gusisha ncha ukutani mwa flaski, ngoja, litakalobaki libaki. Aliyeichora pipeti alikwisha kulihesabu.

19 Julai

Nilitafuta zoezi la titresheni, yaani kuongeza alikali kidogo kidogo mpaka ilingane na asidi, litakalokuwa la hapa kwetu. Nyuma ya shule kuna gofu ambalo kuta zake zinadondoka, na kipande cha tumbawe kilikuwa kimelala njiani. Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe hayo na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo: kabonati ya kalsiamu ikipata joto la kutosha hutoa dioksidi ya kaboni na kubaki chokaa hai. Swali kwa darasa: jiwe hili ni kabonati kwa asilimia ngapi?

Tumelisaga kwa kinu cha kauri na mchi wake. Gramu 1.50 kwenye bika isiyo na alama nyekundu. Asidi ya hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, sentimita za ujazo 50, pipeti ya 25 mara mbili. Ikatoa povu kama togwa. Tukapasha moto taratibu gesi yote itoke, tukaacha ipoe. Kupoa ni lazima, maana flaski ya ujazo imepimwa kwa nyuzi 20 na kitu cha moto kikiingia humo kipimo kinaharibika. Faneli na karatasi ya kuchujia juu ya ile flaski pekee ya 250, suuza bika mara tatu na masuuzo yote yapite kwenye karatasi, kisha jaza hadi mstari, tone kwa tone kwa kidonezi mwishoni. Kwenye karatasi zilibaki punje za mchanga, unazihesabu.

Giza likatukuta hapo. Nimefunga flaski, nimeandika jina na tarehe.

22 Julai

Titresheni. Hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwenye bureti, sentimita za ujazo 25 za mchanganyiko wetu kwenye flaski ya koni, matone mawili ya fenolftalini, ambayo hugeuka waridi asidi ikiisha, kigae cheupe chini. Wakauliza kwa nini koni na si bika. Nikawaambia wazungushe zote mbili zikiwa na maji. Bika ilimwaga mezani, koni ikarudisha kila tone katikati.

Bureti husuuzwa kwa kile itakachobeba, ili maji yaliyobaki yasiipunguze nguvu. Flaski ya koni husuuzwa kwa maji ya kukeneka tu, maana humo kilicho muhimu ni kiasi kilichoingizwa, na maji ya ziada hayakibadilishi. Faneli iondolewe juu ya bureti kabla ya kusoma. Na macho yashuke yalingane na uso wa maji, usome chini ya ule mbonyeo wa katikati.

Jaribio la kwanza la kundi la dirishani: 22.4. La pili: 21.2. Tofauti kubwa mno. Tukatafuta kosa pamoja, na yule msichana wa nyuma ndiye aliyelipata: mara ya kwanza ncha ya chini ya koki ilikuwa na povu la hewa, likatoka katikati ya zoezi, na nafasi yake ikahesabiwa kama alikali. Wakaifuta 22.4 kwa mstari mmoja, bila kuisugua. La tatu 21.2, la nne 21.1.

Hesabu wakaifanya wenyewe. Jiwe safi kabisa lingetoa 20.0. Kwa 21.2, asidi iliyobaki katika flaski nzima ya 250 ni moli 0.0212, iliyotumika kati ya 0.05 tuliyotia ni 0.0288, kabonati ni nusu yake, maana kila moli yake hula moli mbili za asidi, 0.0144, yaani gramu 1.44 kati ya 1.50. Asilimia 96. Mmoja akaenda kuileta ile karatasi ya chujio yenye punje za mchanga na kuiweka mezani karibu na jibu.

Iliyobaki kabla ya mwisho wa mwezi: flaski za ujazo tatu zaidi, puto mbili za pipeti, na lile duka bado linadaiwa bika 12.

Nilikuwa nafunga madirisha walipokuwa wakiondoka. Msichana alibaki kwenye sinki. Alimwaga alikali iliyobaki, akasuuza bureti kwa maji, kisha kwa tone la asidi hafifu, kisha maji tena, akachomoa koki, akaifunga kwa kipande cha karatasi, na kuining'iniza pembeni mwa stendi kwa uzi.